Mita 60 Kutoka Wapi? Haki ya Kujenga Upya Nyumba Iliyo Ukingoni mwa Maji

Mvua kubwa zikishapita na maji yakashuka kwenye mabonde na fukwe za Tanzania, hubaki swali moja ambalo ofisi tatu hulijibu kwa namna tatu. Nyumba iliyojengwa miaka mingi iliyopita kwa hati halali, mita 40 tu kutoka ukingo wa mto au ufuko wa bahari, imepasuka kuta na msingi wake umechimbuka. Je, mwenye nyumba anaruhusiwa kuijenga upya palepale? Mpima ardhi hufungua ramani ya upimaji na kuonyesha kwamba kiwanja kipo, kina namba na bikoni zake. Mhandisi wa halmashauri hudai kibali cha ujenzi na michoro mipya. Ofisa wa mazingira huja na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X ukutani, maana yake nyumba iko ndani ya mita 60 na haikupaswa kuwapo.

Mkanganyiko huu hautokani na ukaidi wa wananchi, ingawa ndivyo inavyodaiwa mara nyingi kwenye mikutano ya hadhara. Chimbuko lake ni sheria zenyewe, ambazo ziliweka namba moja na kuyaacha wazi mambo matatu yanayoibeba: mita hizo zinaanza kuhesabiwa wapi, zinalinda kitu gani hasa, na nyumba iliyotangulia namba hiyo ina hadhi gani siku inapoanguka.

Namba ilivyoingia katika sheria

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliitaja mapema ardhi hatarishi, yaani ardhi ambayo kuiendeleza kunaweza kuhatarisha maisha ya watu au kuharibu mazingira, na ndani ya kundi hilo iliweka mikoko, matumbawe, ardhioevu na ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ufuko wa ziwa au pwani ya bahari. Miaka 5 baadaye, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, ilikwenda mbele zaidi kwa kukataza ndani ya mita hizo 60 shughuli yoyote ya kibinadamu iliyo ya kudumu, au ambayo kwa asili yake inaweza kuathiri hifadhi ya ufuko, kingo za mto, bwawa au hifadhi ya maji, huku ikimpa waziri uwezo wa kutoa miongozo kuhusu yanayoweza kufanyika humo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ikarudia umbali uleule. Sheria tatu, wizara zaidi ya moja, namba moja.

Neno linalobeba mzigo wote katika kifungu cha 57 ni "kudumu". Bustani ya mchicha si ya kudumu, kibanda cha makuti cha wavuvi kinabishaniwa, lakini nyumba ya matofali yenye msingi wa zege haina utetezi. Hata hivyo kifungu hicho hakisemi lolote kuhusu nyumba iliyojengwa mwaka 1975, wakati hapakuwa na katazo, juu ya kiwanja ambacho serikali yenyewe ilikipima, ikakitolea hati na kukikusanyia kodi ya ardhi. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 24, inalinda haki ya kumiliki mali na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Katazo na haki vimewekwa bega kwa bega, na hakuna kifungu kinachoeleza kipi kitangulie pale ukuta unapodondoka.

Mpaka unaotembea

Umbali wowote unahitaji mahali pa kuanzia, na maji hayana mahali pamoja. Katika pwani ya Dar es Salaam, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, huzidi mita 3 za kwenda juu. Mita 3 za wima zinaonekana ndogo mpaka zilazwe juu ya ufuko. Katika ufuko wa mchanga unaopanda mita 1 kwa kila mita 30 za kwenda nchi kavu, mstari wa maji kujaa huwa mita 90 nyuma ya mstari wa maji kupwa. Kwa hiyo anayepima mita 60 kuanzia maji yalipopwa atachomeka kigingi chake mahali ambapo, saa 6 baadaye, pamefunikwa na maji ya kina cha mita 1. Anayeanzia maji yalipojaa atakichomeka katikati ya sebule ya mtu. Wote wawili wamepima mita 60, na wote wawili watasema wamefuata sheria.

Nchi nyingine ziliona tatizo hili na kulitaja kwa jina. Msumbiji, katika sheria yake ya ardhi ya mwaka 1997, ilitenga mita 100 kuanzia alama ya juu kabisa ya maji kujaa. Kanuni za upimaji za Kenya hutenga mita 60 juu ya alama ya maji kujaa pale ardhi ya serikali inapopakana na bahari. Uganda, katika kanuni zake za mwaka 2000 kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa, iliweka mita 200 kwa maziwa makubwa, ikaamua zianze alama ya chini ya maji. Namba hizi haziwezi kulinganishwa kwa ukubwa wake tu, kwa kuwa kila moja inaanzia mahali pake.

Maziwa yana shida ya namna nyingine, kwa sababu mwendo wake ni wa miaka wala si wa saa. Kati ya mwishoni mwa mwaka 1961 na katikati ya mwaka 1964, Ziwa Victoria lilipanda kwa takriban mita 2.5, kisha likaanza kushuka polepole kwa miongo kadhaa, na katika kushuka huko likaacha ardhi ambayo watu waliiona ni kavu, wakailima na kuijenga. Mwezi Mei 2020 kipimo cha kiwango cha maji ya ziwa huko Jinja kilifika mita 13.42, juu kidogo ya kiwango cha mwaka 1964, na nyumba, gati na maghala ya samaki katika nchi tatu yakajikuta majini. Ziwa Tanganyika lina kumbukumbu ndefu zaidi: lilifika kilele mwaka 1878, kisha maji yakakata njia kwenye Mto Lukuga upande wa Kongo na ziwa likashuka kwa mita nyingi. Ndiyo sababu mnara wa Ujiji unaoonyesha mahali walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871 leo umesimama mbali na maji. Ardhi iliyoachwa na ziwa ni ya kuazima. Burundi, ambayo mji wake wa Bujumbura umelala kwenye tambarare ya ziwa hilo, iliweka mita 150 katika sheria yake ya maji ya mwaka 2012, na bado mitaa ya Gatumba imefunikwa na maji mara kwa mara tangu hapo, kwa kuwa katika tambarare iliyolala kama mkeka mita 150 za ulalo zinaweza kuwa na mwinuko usiofika goti.

Mto, kwa upande wake, hula ukingo. Mto Msimbazi, unaoanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuingia baharini kwenye Daraja la Selander, hupanuka kila baada ya mafuriko kwa kubomoa kingo zake za udongo laini. Nyumba iliyojengwa mita 80 kutoka mtoni inaweza kujikuta mita 40 bila tofali lake hata moja kuhama. Mwenye nyumba hiyo hakuvunja sheria siku aliyochimba msingi. Sheria ndiyo iliyomfikia alipo. Katika mjadala mzima wa mita 60, hili ndilo linalostahili uchungu mwingi kuliko yote, kwa sababu alama ya X huchorwa kwa rangi ileile juu ya ukuta wa aliyevamia na juu ya ukuta wa aliyefuatwa.

Ukanda unalinda nini

Sababu za kuweka ukanda wa ukingoni ni zaidi ya moja, na si lazima zielekeze upande mmoja. Ya kwanza ni usalama: maji yaue watu wachache iwezekanavyo. Ya pili ni maji yenyewe, kwani nyasi, mikoko na vichaka vya ukingoni huchuja tope, mbolea na uchafu wa vyoo vya shimo kabla havijafika mtoni au baharini. Ya tatu ni mchanga na nafasi ya ufuko kusogea, jambo linaloeleweka na wachache ingawa pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam imelifundisha kwa gharama kubwa. Fukwe za Kunduchi hulishwa na mchanga unaoletwa na mito kama Tegeta na Mbezi. Mchanga huo ulipochimbwa kwa miaka mingi kwenye mikondo ya mito kwa ajili ya ujenzi wa jiji, na matumbawe yanayovunja nguvu ya mawimbi yakaharibiwa kwa baruti za uvuvi haramu, bahari ilianza kula ufuko, ikala viwanja na majengo, ikiwamo Hoteli ya Africana iliyobaki magofu. Lori la mchanga lililojenga nyumba Sinza lilikuwa limebeba kinga ya nyumba iliyo Kunduchi.

Sababu hizi zikitenganishwa, upungufu wa namba moja huonekana wazi. Kwenye miamba ya matumbawe ya Msasani au kwenye mawe makubwa ya Mwanza, nyumba iliyo mita 30 kutoka maji inaweza kukaa salama karne nzima, ingawa shimo lake la maji taka, hasa kwenye mwamba wa chokaa wenye vinyweleo, linaweza kutiririsha uchafu hadi majini haraka kuliko udongo wa kawaida. Kwenye bonde la chini la Rufiji, ambako mafuriko husambaa kilomita nyingi kutoka mto, mita 60 hazilindi maisha ya mtu yeyote. Umbali uleule ni mkubwa mno mahali pamoja na mdogo mno mahali pengine.

Msimamo wa kwanza: kilichoanguka kisisimame tena

Wanaoshika msimamo huu husema kwamba anguko la nyumba ndiyo nafasi pekee ya kuusafisha ukanda bila kumbomolea mtu, na kwamba kuruhusu ujenzi mpya ni kupanga maafa yajayo. Hoja yao ina nguvu. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini Dar es Salaam, wengi wakiwa wakazi wa bonde la Msimbazi, na serikali ikatoa viwanja Mabwepande, upande wa Bunju, kwa walioathirika. Sheria isiyo na mlango wa nyuma ni rahisi pia kuisimamia: futi kamba moja inatosha, na ofisa hana la kujadiliana na mtu.

Udhaifu wake upo kwenye yanayofuata. Mabwepande ilikuwa mbali na Kariakoo, mbali na vibarua, mbali na shule, na baadhi ya waliohamishwa walirudi bondeni kwa sababu kule kulikuwa na usalama bila riziki. Miaka 4 baadaye, kati ya Desemba 2015 na Januari 2016, tingatinga ziliingia bondeni katika maeneo kama Mkwajuni na Magomeni, familia zikalala nje na samani zao, na baadhi ya wakazi wakakimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio. Kenya nayo ilipita njia hiyohiyo baada ya mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoua watu zaidi ya 200: wakazi wa kingo za mito ya Nairobi, Mathare na Mukuru wakiwamo, waliamriwa kuondoka, nyumba zikabomolewa, na kila kaya ikaahidiwa shilingi 10,000 za Kenya, fedha isiyozidi kodi ya miezi michache.

Sri Lanka inatoa somo zito zaidi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, serikali yake ilipiga marufuku kujenga upya ndani ya mita 100 upande wa kusini na mita 200 upande wa kaskazini na mashariki. Wavuvi walitengwa na mitumbwi yao, huku shughuli za utalii zikipewa nafasi ya kubaki ufukoni, na kabla mwaka 2005 haujaisha masharti yalikuwa yamelegezwa. Katazo lisilotofautisha hatari lilishindwa kwa sababu lilitofautisha watu.

Msimamo wa pili: hati ni hati

Upande wa pili wanasimama wenye hati, mawakili wao na benki zilizopokea hati hizo kama dhamana. Kwao, serikali iliyopima, ikagawa na kutoza haiwezi kugeuka ikasema kiwanja hakikupaswa kuwapo. Haki ya kumiliki ardhi iliyotolewa kwa miaka 33, 66 au 99 inabeba haki ya kukaa ndani ya nyumba, na nyumba isiyojengwa upya baada ya kuanguka si nyumba. Uzuri wa msimamo huu ni kwamba unaibana serikali kuwajibika kwa saini zake. Bila shinikizo hilo, ofisa anayepima kiwanja bondeni leo hatakuwa na sababu ya kuogopa kesho.

Lakini hati haizuii wimbi. Mwenye nyumba anayejenga upya ufukoni hujenga pia ukuta wa kujikinga, na ukuta huo hufanya mambo mawili: hurudisha nguvu ya wimbi chini, likachimba mchanga uliobaki mbele yake, na huelekeza maji pembeni, yakala kiwanja cha jirani asiye na ukuta. Jirani naye hulazimika kujenga wake. Baada ya miaka kadhaa hubaki mstari mrefu wa kuta bila ufuko, na wavuvi waliokuwa wakivuta mitumbwi hapo, ambao hawakuwahi kuwa na hati ya kitu chochote, hupoteza mali yao bila hata ya kupelekewa barua. Tena msimamo huu unamlinda mwenye hati peke yake, ilhali wakazi wengi wa Msimbazi walinunua kwa karatasi za serikali ya mtaa na hawana hati ya kuonyesha mahakamani.

Msimamo wa tatu: pima hatari, si futi

Wataalamu wengi wa mipango miji huegemea kwenye msimamo unaobadilisha umbali kulingana na mteremko, aina ya ardhi na historia ya maji, na unaotofautisha ukarabati na ujenzi upya. Marekani, kupitia mpango wake wa taifa wa bima ya mafuriko ulioanza mwaka 1968, hutumia kipimo kinachoeleweka: katika maeneo ya mafuriko, ikiwa gharama ya kuirudisha nyumba katika hali yake ya awali inafikia asilimia 50 ya thamani yake sokoni kabla ya kuharibika, nyumba hiyo huhesabiwa kama mpya na lazima ifuate masharti ya leo, kwa mfano sakafu kuinuliwa juu ya kiwango cha mafuriko; gharama ikiwa chini ya hapo, mwenye nyumba hukarabati tu.

Faida yake ni kwamba swali la nyumba iliyotangulia sheria linapata jibu. Hasara yake ni kwamba kila kipimo kinachohitaji makadirio humpa mkadiriaji mamlaka, na mkadiriaji anaweza kubanwa, kubembelezwa au kuhongwa ili asilimia 60 isomeke 49. Msimamo huu unahitaji pia ramani za mafuriko, vipimo vya mwinuko na wapimaji ambao halmashauri nyingi hazina. Pale hatari inapothibitishwa kwa ripoti ya mtaalamu, mwenye hoteli ataajiri mshauri wa mazingira na kupata kibali, naye fundi seremala wa Tandale atabaki na alama ya X.

Uzito wa hoja

Misimamo yote mitatu inakosea mahali pamoja: inauliza nyumba iko umbali gani kabla ya kuuliza imeangushwa na nini. Nyumba iliyoungua moto au iliyochakaa haijathibitisha lolote kuhusu maji, na hakuna sababu nzito ya kumnyima mwenye hati halali ya kabla ya mwaka 2004 ruhusa ya kuirudisha kwa ukubwa uleule, mradi choo na shimo la maji taka vihamie upande wa mbali na maji. Nyumba iliyoangushwa na mto au bahari imekwisha kutoa ushahidi wake, na ushahidi huo unapaswa kushinda hati, ripoti ya mshauri na cheo cha mwenye nyumba, iwe ni chumba kimoja cha Mkwajuni au jumba la ghorofa la Mbezi Beach. Hapo katazo liwe kamili.

Katazo kamili, hata hivyo, lina bei, na mwenye kuilipa asiwe yule aliyepoteza nyumba pekee. Pale serikali ilipopima na kutoa hati, fidia ni deni. Pale watu walipojenga bila hati huku kodi ya majengo ikikusanywa, umeme ukiunganishwa na kura zikiombwa mlangoni mwao, deni halifutiki kwa kuwaita wavamizi. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wake wa dola milioni 200 mwaka 2022, umeonyesha kwamba inawezekana kuwalipa wanaohama, wakiwamo wasio na hati, kabla ya tingatinga kuwasha injini. Malalamiko kuhusu viwango vya malipo yalikuwapo na mengi yana haki ya kusikilizwa, lakini kati ya malipo yanayobishaniwa na usiku wa kulala juu ya kifusi upo umbali usiohitaji futi kuupima.

Kazi inayobaki ni ya upimaji kuliko ya siasa, na waziri tayari anao uwezo wa kuianzisha kwa miongozo chini ya kifungu cha 57. Baharini mita 60 zianzie alama ya maji kujaa ya bamvua. Kwenye maziwa zianzie kiwango cha juu kilichowahi kuandikwa, ambacho kwa Ziwa Victoria kinajulikana hadi sentimita. Kwenye mito zianzie ukingo uliochorwa katika mwaka unaotajwa, na ukingo ukihama, mwenye nyumba aliyekuwa nje ya mstari ahesabiwe kuwa aliyefikiwa na maji, mwenye haki ya kuhamishwa kwa fidia. Mstari huo usiishie kwenye ramani iliyofungwa kabatini. Uwekewe bikoni za zege kando ya Msimbazi, Tegeta na Mbezi, kila moja ikiwa na tarehe ya kuwekwa kwake, ili mwenye kiwanja, mpima ardhi na ofisa wa mazingira waanze kuhesabu kutoka jiwe moja.